Reli Humfaa Mwenye cha Kupakia



Ndugu wasomaji, na khasa mama zetu mnaoshika hesabu za nyumba, juma hili tuizungumze reli. Makka ya kale ilikuwa bonde lisilootesha kitu, na riziki ya watu wake ikaja kwa misafara ya kipupwe na ya kiangazi. Mji mkavu huishi kwa njia inayoufikia.

Mfano ulio karibu nasi ni Dodoma, nchi kame yenye msimu mmoja tu wa mvua. Mwaka 1973 Tanzania iliamua kuifanya makao makuu, lakini kwa miaka mingi wakubwa walibaki Dar es Salaam. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria baina ya miji hiyo, na safari iliyokula mchana kutwa kwa basi sasa huchukua takriban saa nne. Nyumba za wageni, mama lishe na mafundi wana matumaini ya wateja wapya.

Lakini njia ina pande mbili. Treni inayomleta mnunuzi Dodoma yaweza pia kumchukua mtu wa Dodoma akanunue Dar es Salaam. Na mkulima wa zabibu, zao liupalo mji huo sifa, hatafaidi mwendo wa kilomita 160 kwa saa iwapo hana behewa la baridi, ghala wala soko.

Sisi watu wa pwani twalijua hilo. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017. Baadaye shehena za waagizaji zikaamriwa zipande treni, zikatolewe bara. Wengi katika madereva wa malori, wenye bohari na wauza vyakula wa njiani wakakosa kazi, na mwaka 2019 watu wakaandamana Mombasa. Septemba 2022 serikali ikaurudisha utoaji wa shehena bandarini. Reli ni ile ile. Kilichogeuka ni amri. Basi si chuma peke yake kiamuacho nani ashibe.

Hapa Awendo si jangwa. Tuna miwa na kiwanda cha sukari, ila reli hatuna. Sukari hutoka kwa malori. Upo mpango wa kuifikisha reli mpya Kisumu. Kabla haijafika, vyama vyetu vya akiba na viulize: ghala litajengwa wapi, na nauli ya mzigo itakuwa kiasi gani? Mwenye shamba asiliuze kwa tetesi za kituo. Na ardhi ya urithi ikipanda bei, fungu la binti na la mjane lisimezwe na kaka wala ami. Sharia imekwisha kulipima.

Kutawakali hakumzuii mtu kumfunga ngamia wake.

Wabillahi tawfiq.