Karamu ya Mtoto Wakati wa Vuli

Vuli ikiingia, njia za udongo za Nakivale na Ngarama huwa utelezi, na safari ya Mbarara hurefuka. Yafaa wazazi wanaompeleka mtoto mjini kula chakula cha siku yake ya kuzaliwa waondoke alfajiri, wale adhuhuri, warudi kabla ya giza. Nauli ya kurudi na itengwe kwanza. Ndipo zihesabiwe sahani za matoke na eshabwe, mchuzi mweupe wa samli upendwao Ankole. Fedha zikipungua, samaki wa Ziwa Nakivale nyumbani watosha. Na baba askari akiwa zamu, karamu ingoje likizo yake: mtoto atatazama kwanza kiti cha babaye, kisha sahani.