Karamu ya waliokwenda mbali



Juma hili nawapeleka Japani, kwenye meza ya karamu. Karibu kila mwaka hufanywa huko mkutano mkubwa wa Wajapani wanaoishi nchi za kigeni, pamoja na watoto na wajukuu wao. Wanatoka Brazili, Peru, Marekani, Kanada na kwingine. Wanasimulia maisha yao ya ugenini, kisha wanaalikwa kula kwa heshima. Hata watu wa jamaa ya mfalme wamefika kuwasalimia. Mkutano wa kwanza ulikuwa mwaka 1957, miezi michache baada ya Japani kupokelewa katika Umoja wa Mataifa.

Kwa nini taifa zima liwaandalie chakula watu waliohama? Wamama, jibu linaanzia kwenye njaa ya watoto.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Japani ilikuwa imeshindwa. Miji ilikuwa imeungua na chakula kilikuwa haba. Wajapani wa nchi za mbali waliposikia habari hizo walianza kuchanga. Mmoja wa walioamsha wenzao alikuwa mwandishi wa habari Asano Shichinosuke, aliyeishi Marekani. Michango hiyo iliunganishwa na ya makanisa na mashirika ya Marekani, ikapelekwa kwa jina moja: LARA. Meli ya kwanza ilifika bandari ya Yokohama mwisho wa Novemba 1946. Kwa njia hiyo vilifika maziwa ya unga, nguo, dawa, na hata mbuzi wazima wa kukamuliwa maziwa. Tarehe 24 Desemba mwaka huohuo, sherehe ilifanywa katika shule moja ya Tokyo kuanza tena kuwapa wanafunzi chakula. Mpaka leo watoto wa shule za msingi Japani hula chakula cha mchana shuleni.

Sasa tuwatazame wale waliochanga. Je, walikuwa matajiri? Hapana. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwakamata watu wa asili ya Japani wapata 120.000, wengi wao raia waliozaliwa palepale, ikawafungia katika kambi zenye waya wa miiba. Asano mwenyewe alifungiwa humo. Watu walipoteza nyumba, maduka na mashamba. Walipofunguliwa walianza upya mikono mitupu, na bado walitoa. Serikali ya Marekani iliomba msamaha kwa sheria mwaka 1988, ikaamua kumlipa kila aliyekuwa bado hai dola 20.000.

Wale wa Brazili nao walikuwa wamepata yao. Meli iitwayo Kasato Maru iliondoka Kobe tarehe 28 Aprili 1908 ikiwa na wahamiaji 781, ikafika Santos tarehe 18 Juni. Walikuwa wameambiwa kwamba kahawa ya Brazili italeta pesa upesi na watarudi kwao. Walikuta kazi ngumu, mshahara mdogo, na deni katika duka la mwenye shamba. Wengi walitoroka mashamba hayo. Leo wazao wa Wajapani nchini Brazili ni zaidi ya milioni moja.

Basi ile karamu ni asante. Wenye nyumba wanawaambia waliokwenda mbali: mlitukumbuka siku ya njaa, nasi hatukusahau. Jambo hilo ni zuri, na ninalisifu.

Lakini wamama, kila anayepika karamu anajua kuhesabu viti. Pale Japani kuna viti vilivyokosekana.

Mwaka 1990 Japani ilibadili sheria, ikawafungulia mlango wajukuu wa wale wa Brazili waje kufanya kazi. Wakaja kwa wingi, wakaingia viwandani. Wengi hawakujua vema lugha ya babu zao, na watoto wao walipata taabu shuleni. Uchumi ulipoanguka wengi walifukuzwa kazi. Mwaka 2009 serikali ikawapa nauli: yen 300.000 kwa kila mfanyakazi aliyekubali kurudi Brazili, kwa sharti asije tena kwa ruhusa ileile. Babu aliandaliwa meza, mjukuu akapewa nauli ya kuondoka.

Kiti kingine kiko hapa kwetu Kongo. Mwisho wa miaka ya 1960 Wajapani walikuja Katanga kuchimba shaba. Mgodi wao ulikuwa Musoshi, na wanaume wengi waliishi huko bila familia zao, mpaka kampuni ilipoondoka katika miaka ya 1980. Baadhi yao walizaa na mabinti wa Katanga. Kazi ilipokwisha waliondoka, watoto wakabaki na mama zao. Wale watoto sasa ni watu wazima, na wako ambao wangali wanawatafuta baba zao. Hayo nayo ni maisha ya Wajapani ugenini. Waliolipa gharama yake ni wanawake kama sisi, waliolea peke yao watoto ambao majirani waliwanyooshea kidole kwa sababu ya sura zao.

Mimi najifunza hivi: habari ya aliyekwenda mbali haijakamilika kama tunahesabu tu alichotuma nyumbani. Na sisi tuna watu mbali. Wako Ulaya, Marekani, Zambia, Afrika Kusini, na wengine wako katika kambi za wakimbizi. Mara nyingi telefone ikilia swali letu la kwanza ni: umetuma? Tunajua ni dola ngapi zimefika, hatujui kama yule mtoto analala wapi. Akirudi na mfuko mzito tunachinja kuku. Akirudi mikono mitupu, tunasema ameshindwa maisha, naye anaanza kujificha. Wengine huchagua kufia huko kuliko kuvumilia masemi ya nyumbani.

Na watoto wanaorudi na wazazi wao? Darasani ninawaona. Mmoja anasema Kiingereza, hajui Kifaransa. Wenzake wanamcheka, wanamwita mgeni katika nchi ya baba yake. Mtoto huyo si mjinga. Anajua lugha ambayo sisi hatuijui. Mama mwenye mtoto kama huyo, nenda ukamwone mwalimu mapema, kabla ya mitihani, umweleze alikotoka na alichokwisha kusoma. Na mama ambaye mtoto wake ndiye anayecheka, mrekebishe nyumbani.

Kwa vikundi vyetu nina ombi moja. Mnapomaliza kugawa pesa za likelemba mwezi huu, mama prezida atafute katika mtaa mtu mmoja aliyerudi kutoka mbali. Asiwe yule mwenye gari tu. Awe hata yule aliyerudishwa, au mama aliyeachwa na mtoto na mtu wa kupita. Mwalikeni. Bukari na sombe vinatosha. Mpeni kwanza maji ya kunawa, ale ashibe, kisha mumwulize: huko uliishi namna gani? Halafu mnyamaze, mpaka amalize.