Unazunguka na Filamu Dunia Nzima, Skripti Umeificha Wapi?

Mnamjua. Kila mji una wake, na Bongo wapo wa kutosha. Yeye siyo wa Bongo Muvi, na ukimwita hivyo ananuna. Yeye ni wa "sinema". Filamu yake ina dakika tano za mzee anatembea porini kimya, na ukiuliza kwa nini, unaambiwa bado hujakomaa. Insta yake ni zulia jekundu, beji ya tamasha shingoni, koti la baridi Machi hii na maneno mazito kuhusu "sauti za watu wasiosikika".

Jina halina haja. Jiwe limerushwa gizani, atakayesema yalaa ndiye limempata.

Na kabla watetezi wake hawajakimbilia kuandika kwamba huu ni wivu: hapana. Tuzo ni zake, jasho ni lake, apewe maua yake. Swali ni moja tu, nalo ni dogo. Skripti iko wapi?

Siyo filamu, skripti. Yale maandishi yenye kila tukio na kila neno la mhusika, kwa Kiswahili, yaliyochapwa au hata yaliyowekwa kwenye PDF mtu akashusha. Kitabu cha filamu. Wenzake duniani wanatoa. Yeye hatoi. Na anayeumia siyo shabiki wa Masaki, ni kijana wa Goweko.

KWANI GOWEKO NI WAPI?

Goweko ni kituo cha Reli ya Kati, Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora. Ukitokea Dar kwa treni unapita hapo kabla ya kuingia Tabora mjini. Jumba la sinema hakuna. Kama miji midogo mingi ya nchi hii, picha wanaziona kwenye simu zao, kwenye TV ya jirani, au kwenye kibanda umiza ambako muvi inakuja na DJ anayetafsiri juu kwa juu.

Sasa fuatilia safari ya filamu ya tamasha. Inaanzia nje, kwa sababu matamasha makubwa yanataka yenyewe yawe ya kwanza kuionyesha. Inazunguka mwaka, pengine miwili. Ikirudi nyumbani inaonyeshwa siku chache kwenye majumba ya sinema ya mjini, kwenye maduka makubwa ambako popcorn peke yake ni hela ya kula ya siku mbili. Baadaye, ikibahatika, inaingia mtandaoni kwa kulipia na kadi ya benki. Kijana wa Goweko anaisikia kwenye taarifa ya habari tu: Mtanzania ang'ara ughaibuni. Basi.

Lakini maandishi yanafika. Piga hesabu mwenyewe. Kwa mpangilio wa kawaida wa skripti, ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu. Filamu ya dakika mia moja ni kurasa mia moja. PDF ya kurasa mia za maandishi matupu haifiki MB moja. Filamu yenyewe, kwa ubora wa kawaida tu, inakula zaidi ya GB moja. Bando la kuangalia filamu moja linaweza kushusha skripti elfu moja. Halafu mtu anakuambia hakuna njia ya kuwafikia watu wa huko.

WOTE WAMEISOMA ISIPOKUWA WEWE

Linalokera ni kwamba skripti ipo. Haiwezekani isiwepo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inataka ombi la kibali cha kupiga picha liende na maelezo ya matukio na maneno yatakayosemwa, kwa hiyo Bodi ya Filamu inayo. Mfuko wa Hubert Bals wa Rotterdam na ule wa World Cinema Fund wa Berlin haitoi hela kwa mtu aliyekuja na stori ya mdomo, kwa hiyo wazungu nao wanayo. Waigizaji wameisoma. Fundi wa taa ameisoma. Mtu wa kuandika maneno ya chini ya skrini ameisoma mpaka macho yakamuuma.

Kwa hiyo "watu wasiosikika" wameandikwa, wakasomwa na kila mwenye ofisi, na wao wenyewe ndio hawajapewa nakala.

Na kuna lingine ambalo madairekta hawa hawapendi liguswe. Maombi ya fedha za nje yanaandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Skripti inazaliwa kwenye lugha hiyo. Mazungumzo ya Kiswahili mara nyingi yanakuja baadaye, mengine lokesheni palepale, muigizaji akiambiwa "hapa sema kwa namna yako". Ikifika hapo, skripti kamili ya Kiswahili haipo kabatini kwa mtu yeyote. Filamu inasifiwa kwa lugha yake, wakati lugha hiyo haijaandikwa popote na mwenye filamu. Ndiyo maana ukiuliza skripti, mtu anaanza kuangalia saa.

VISINGIZIO VYAO

Cha kwanza: "Filamu ni picha, inajieleza yenyewe." Vizuri. Ingmar Bergman alikuwa bingwa wa picha na ukimya kuliko wote wanaojifananisha naye, na skripti zake nne zilitoka kwenye kitabu kimoja kwa Kiingereza mwaka 1960. Satyajit Ray wa India alitoa kitabu chake kuhusu filamu mwaka 1976. Kama hao ni wazee mno, mchukue Spike Lee. Alitoa She's Gotta Have It mwaka 1986, filamu ya hela ya kuungaunga. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chake: skripti imo, shajara yake imo, jinsi alivyohangaika kutafuta pesa imo. Akafanya hivyohivyo kwa School Daze na Do the Right Thing. Mtu aliyekuwa hana kitu aliona umuhimu wa kumwachia mwenzake asiye na kitu ramani.

Cha pili, na hiki ndicho kinachoudhi: "Wabongo hawasomi, na skripti ndiyo kabisa." Nani kasema? Kila aliyefika kidato cha nne nchi hii amesoma tamthilia. Ngoswe ya Edwin Semzaba ni nini kama siyo maandishi ya kuigizwa, yenye majina ya wahusika na maelekezo ya jukwaa? Orodha je? Kilio Chetu? Watoto wa shule za kata wamezisoma, wamezikariri, wamezijibia mtihani, wengine wameziigiza chini ya mwembe bila hata spika. Nje ya shule, watu hawahawa wanatuma buku kwa mtunzi wa WhatsApp ili sehemu ya ishirini na saba ije leo usiku. Hawa hawasomi? Wanasoma kile wanacholetewa.

Na kama mtu anadhani kuchapa maandishi ya kuigiza ni kazi ya watu wasio na shughuli, amkumbuke mwanafunzi mmoja wa Tabora Boys aliyeitwa Julius Nyerere. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi. Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969, bado yuko Ikulu. Mkuu wa nchi alipata muda wa kuwapa Watanzania maandishi ya jukwaani ya mtu mwingine. Dairekta mwenye filamu mbili anakosa muda wa kutoa ya kwake.

Cha tatu: "Wataniibia." Waibe nini? Filamu imeshatoka, imeshazunguka, watu wameshaiona. Sheria ya hakimiliki, Na. 7 ya mwaka 1999, inalinda kazi ya maandishi kama inavyolinda filamu, na ofisi ya COSOTA ipo. Skripti iliyochapwa ikiwa na jina lako na tarehe ni ushahidi mkononi. Iliyojificha kwenye laptopu ndiyo rahisi kuibiwa, maana siku ya kesi utabaki kusema "wallahi niliandika mimi".

Cha nne: "Kuchapa ni gharama." PDF. Limeshasemwa hilo.

MFANO UPO, TENA WA HAPAHAPA

Haki isemwe. Riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilichapwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, na wanafunzi wa kidato cha tano na sita wameisoma miaka na miaka. Mwaka 2021 Amil Shivji akaitoa kama filamu, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Angalia kilichotokea: kijana wa Tabora ambaye Toronto ataiona kwenye ramani tu anaweza kubishana kuhusu filamu hiyo. Anamjua Yasmin, anamjua Denge, anaijua Zanzibar ya mkoloni waliyoishi. Ana pa kusimama. Hasubiri kuambiwa na mtu wa mjini kama filamu ni kali au siyo kali.

Hiyo ndiyo nguvu ya kitabu kukaa pembeni ya filamu. Na riwaya bado siyo skripti. Fikiria kijana huyohuyo angekuwa na vyote viwili mkononi: aone ukurasa wa riwaya umegeukaje dakika moja ya picha, nani kaondolewa, mazungumzo gani yamefupishwa kuwa mtazamo wa jicho tu. Hilo ni darasa zima la uandishi wa filamu, bila ada, bila kwenda chuo Dar, bila kuomba kulala kwa shangazi Mbagala.

Ousmane Sembène wa Senegal alianzia upande mwingine. Alikuwa mwandishi, akaona vitabu vyake haviwafikii watu wake wasiosoma, akaingia kwenye filamu. Lakini kalamu hakuitupa. Xala ilitoka kitabu mwaka 1973, filamu mwaka 1975. Guelwaar ikawa filamu mwaka 1992, halafu yeye mwenyewe akaiandika riwaya, ikatoka mwaka 1996. Alihesabu nani hafikiwi na kipi, akampelekea kinachofika. Madairekta wetu wanamtaja Sembène kwenye kila mahojiano. Hili la kuhesabu hawakumuiga.

HII TABIA INA HISTORIA

Goweko iko kwenye ukanda wa ile njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Tabora. Tura na Kigwa, ambazo leo ni kata za Uyui hiyohiyo, zimetajwa kwenye vitabu vya wapita njia wa karne ya 19. Richard Burton alipita mwaka 1857, kitabu chake kikatoka mwaka 1860. Stanley akapita mwaka 1871, kitabu kikawa sokoni mwaka uliofuata. Hata masimulizi ya safari ya bara ya Selemani bin Mwenye Chande, Mswahili aliyesimulia kwa Kiswahili chake, yalichapwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1901. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo kwenda na kurudi. Maandishi kuhusu njia yao yalisomwa kwingine.

Dairekta wa leo anakuja na kamera badala ya msafara. Anachukua sura za watu, pori la miombo, sauti ya treni usiku, anaondoka. Kama kuna kitabu, ni kile kikubwa cha picha, karatasi nzito, Kiingereza kitupu, kinauzwa kwenye meza ya tamasha kwa euro. Mwenye sura hajapata hata ukurasa mmoja. Tofauti na enzi za Stanley ni kwamba safari hii aliyefanya hivyo ni ndugu.

Na madhara hayaishii kwenye hisia. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968. Mwaka 1985 ikatoka Arusi ya Mariamu ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Waulize vijana kumi wanaotaka kuwa waandishi wa filamu ni wangapi wameiona, halafu uulize wangapi wameshika maandishi yake. Mkanda unachakaa, kampuni inakufa, tovuti inafungwa. Kitabu kinakaa kwenye shelfu la shule mpaka mtoto mmoja mtundu akikute. Kisipokuwepo, kila kizazi kinaanza upya, kinajifunza kwa kuiga tamthilia za Kikorea na Kituruki, halafu dairekta yuleyule anakaa jukwaani kulalamika kwamba Bongo haina waandishi.

Haina kwa sababu hakuna aliyewaonyesha. Kuna binti Goweko amemaliza kidato cha nne, amesoma Ngoswe, ana daftari limejaa mazungumzo ya watu wa stesheni: wauza asali, makuli, wake wanaosubiri waume waliokwenda Kaliua kwenye tumbaku. Hajawahi kuona ukurasa ulioandikwa "NDANI. JIKONI. USIKU." Hajui kwamba anachokiandika kinakaribia kuwa filamu. Kurasa mia za Kiswahili zingemwambia.

Madai ni mepesi. Filamu ikishaanza kuonyeshwa nyumbani, skripti yake itoke kwa Kiswahili kile kilichosemwa kwenye skrini, siyo tafsiri ya karatasi za wafadhili. Iwe PDF ya bure au ya buku mbili kwa simu. Zichapwe nakala chache ziende kwenye shule za sekondari za kule ilikopigwa. Ukiweza kusafirisha kamera mpaka Uyui, huwezi kushindwa kutuma bahasha.

Na nyie wadau wa mjini mnaopata tiketi: tamasha lijalo, iwe ZIFF Zanzibar au kokote, maikrofoni ikifika mkononi mwako usiulize tena "nini kilikuhamasisha". Uliza skripti inapatikana wapi na kwa bei gani. Akijibu kwamba filamu inajieleza yenyewe, muulize inajieleza kwa nani Goweko.