Kiungo Kidogo, Dhamana Kubwa

Anayefika Nangurukuru kutoka Dar es Salaam hukuta njia panda: kusini ni Lindi, mashariki ni Kilwa Masoko, makao makuu ya wilaya. Taarifa za afya nazo zina njia panda yake. Mfumo wa GoTHOMIS, unaotumika katika vituo vya Serikali, huhifadhi kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja. DHIS2 hupokea jumla za MTUHA kila mwezi. Ili idadi ya wagonjwa wa malaria itoke mfumo mmoja hadi mwingine bila mhudumu kuinakili kwa mkono, sharti iandikwe programu ndogo ya kuunganisha: isome, igeuze muundo, itume, kisha isubiri jibu.

Kwa maoni yangu, kiungo hicho hakina budi kujengwa kwa ajili ya siku mbaya. Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilikata barabara eneo la Somanga, kaskazini mwa Nangurukuru. Tarehe 12 mwezi huohuo, nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilikatika, intaneti ikadhoofika nchini. Programu iliyojaribiwa kwenye ofisi yenye mtandao imara pekee ingefanya nini siku hiyo? Ikipoteza taarifa kimyakimya, wilaya inaweza kudhani zahanati haikupata wagonjwa, na mahitaji ya dawa yakakadiriwa pungufu. Anayeumia ni mtoto mwenye homa anayekuta dawa ya mseto imekwisha.

Basi kiungo kihifadhi taarifa kituoni hadi kipate uthibitisho kwamba zimepokewa. Kila taarifa iwe na namba yake, ili ikitumwa mara mbili isihesabiwe mara mbili. Nacho kimwambie muuguzi, kwa Kiswahili, ni ripoti ipi haijafika.

Usambazaji nao uende kwa hatua. Tuanze na zahanati moja, rejesta za karatasi zikiendelea, mpaka hesabu zote mbili zilingane. Mtumishi wa wilaya afundishwe kukirekebisha, kwa kuwa mjenzi ataondoka.

DHIS2 ni programu huria. Wanafunzi wetu wanaweza kuisoma na kuijengea viungo. Napendekeza mtihani mmoja kabla ya kiungo chochote kusambazwa nchini: kizimiwe intaneti siku tatu katika zahanati ya Kilwa, kisha mtandao urudishwe. Kama kila taarifa imefika, na imefika mara moja tu, kimefaulu.