Kelele ya Stima

Mwekee msee yeyote wa Nairobi dakika tano za kwanza za Natur, albamu ya KMRU iliyotolewa na lebo ya Touch ya London Julai 2024, na najua atakachosema: "Buda, hizi spika zimeharibika." Akiwa mpole atauliza biti inaingia saa ngapi. Haiingii. Hakuna ngoma, hakuna mtu anayeimba, hakuna kiitikio. Ni kipande kimoja kirefu, karibu saa nzima, mvumo juu ya mvumo, mikwaruzo, milio myembamba kama ya nyaya zilizolowa mvua. Mwishowe msee atatoa hukumu: hii si muziki, ni kelele ya stima.

Kuhusu stima yuko sawa kabisa. Hukumu ndiyo mbovu.

KMRU, yaani Joseph Kamaru, ni mtoto wa Nairobi. Alisomea muziki Kenyatta University kisha akahamia Berlin, na huko kilichomgusa ni usiku. Giza likiingia, mji unanyamaza. Mtu aliyelelewa na mbwa, mahubiri ya kesha, wadudu na matatu ya mwisho hawezi kuuona ukimya huo kuwa kitu cha kawaida. Akaanza kutumia maikrofoni za sumaku-umeme. Hizi hazinasi hewa inayotikisika kama maikrofoni ya kawaida. Ndani yake kuna waya uliozungushwa, unaonasa mabadiliko ya umeme ulio karibu na kuyageuza kuwa sauti. Isogeze kwenye simu, ruta, chaja, transfoma: kila kimoja kina mlio wake. Stima ya Kenya na ya Ujerumani zote huenda kwa hezi 50, kwa hivyo mvumo wa chini kabisa wa miji hiyo miwili ni mmoja. Berlin haikuwa kimya. Ilikuwa inaongea mahali ambapo sikio halifiki.

Kama ulikuwa hapa usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, unaelewa hili bila mwalimu. Friji ilinyamaza. Mvumo ambao hukuwahi kujua upo ulikatika, na hapo ndipo ukajua umekuwa ukiishi ndani yake. Baadaye jenereta za wenye pesa zikaanza kunguruma, na ungeweza kuchora ramani ya matabaka ya mji huu ukiwa umefumba macho. Natur inatokea hapo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sijui nadharia yoyote ya sauti, kwa hivyo msiniambie eti hii ni kazi ya waliosoma.

Lakini huyo msee wa spika zilizoharibika simchukii. Angalau amesikiliza dakika tano. Walio na makosa makubwa ni wale wa bendera: wanaoposti picha ya KMRU kila akitajwa na gazeti la nje, "kijana wetu Berlin", moto, moto, bendera tatu, halafu wasicheze hata sekunde moja. Au wanamwita mjukuu wa Kamaru, wakatosheka. Ni kweli, babu yake ni yule Joseph Kamaru wa nyimbo za Kikuyu, aliyefariki 2018, aliyethubutu kuimba juu ya kuuawa kwa J.M. Kariuki mwaka wa 1975. Mjukuu amekuwa akizitoa upya rekodi za mzee mtandaoni, kazi ambayo taasisi za nchi hii zingepaswa kuionea aibu. Sasa kama hujamsikiliza babu na hujamsikiliza mjukuu, unajivunia nini hasa? Damu?

Mwaka wa 2022 KMRU alitoa Temporary Stored, albamu iliyotumia rekodi za sauti za Kiafrika zinazohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Tukakasirika, na tulikuwa na haki: sauti zetu zimefungiwa Ulaya. Ila sauti za Nairobi ya leo hakuna mkoloni aliyezibeba. Zimeondoka zenyewe kwa sababu hatukuzipa kiti.

Nasema kiti nikimaanisha kiti. Muziki huu umeumbwa kwa ajili ya chumba. KMRU alikuwa akiicheza Natur jukwaani kabla haijawa albamu, na hilo si jambo dogo: mvumo wa hezi 50 hauwezi kutoka kwenye spika ya simu. Kidude hicho ni kidogo mno kusukuma hewa ya kutosha. Kwa hivyo wengi wetu tumeihukumu albamu ambayo nusu yake ya chini hatujawahi kuisikia. Inatakiwa spika kubwa, giza, sakafu inayotetemeka na watu waliokubali kufunga mdomo.

Chumba hicho Nairobi ni cha nani? Mara nyingi ni cha Goethe-Institut au Alliance Française, yaani Ujerumani na Ufaransa, na ninawashukuru, lakini kusikilizana sisi kwa sisi kwa hisani ya Ulaya kunanikera. Klabu inaishi kwa bia, na watu walionyamaza hawaagizi raundi. Santuri wanafundisha vijana kutengeneza muziki wa elektroniki hapa hapa. Wakihitimu waende wapi? Kanuni za kelele za mwaka wa 2009 zinakataza, pamoja na mengine, kelele zinazosumbua watu kwa kuwa si za kawaida. Sitaki jirani asilale. Lakini mji unaojua sauti kama kero peke yake, hata leseni zake zitawaza hivyo hivyo.

Najua jibu: watu wanatafuta unga, wewe unaleta mivumo. Nenda stendi ya Rongai jioni uone. Watu waliochoka, wenye njaa, wanaiacha matatu iliyo tayari kuondoka na kungoja nganya, wakilipa zaidi, kwa sababu ya spika. Wanajua besi ya nani ni safi na ya nani inakwaruza. Hawa ndio wasikilizaji makini kuliko kamati yoyote ya sanaa, na hakuna aliyewahi kuwaalika.

Kenya National Theatre iko pale tangu 1952. Ina viti, ina giza, ina mlango unaofungwa, na ni yetu. Mwiteni KMRU, na baada yake hao vijana wa Santuri. Iwe Jumatatu usiku, simu zibaki nje, na tiketi isizidi nauli ya nganya ya kwenda na kurudi.