Usituambie unaandika kitabu, hesabu maneno

Vijana wengi tunaandika vitabu kwa mdomo. Ukikutana na mwenzako mtaani, riwaya yake iko karibu kuisha, na mwaka jana pia ilikuwa karibu kuisha. Hata mimi nilikuwa hivyo, hadi siku niliyohesabu: miaka 2, kurasa 11. Niliona aibu.

Siku hizi nina daftari dogo. Kila usiku natia tarehe na idadi ya maneno niliyoandika. Nisipoandika kitu, natia sufuri. Hiyo sufuri ndiyo hunisukuma kesho yake. Maneno 200 kwa siku, kwa siku 300, ni maneno 60,000. Hiyo ni riwaya nzima, jameni!

Na usiniambie huna laptopu. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Caitaani Mũtharaba-Inĩ kwenye karatasi za chooni akiwa kizuizini Kamiti mwaka wa 1978. Wewe una simu mkononi.

Kwa hivyo tupunguze kutangaza mitandaoni, tuhesabu. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini usipochungulia kibaba utajuaje kama kinajaa ama kinavuja?