SHA: Jisajili, Lakini Usinyamaze



Kila Ijumaa baada ya swala unasikia tangazo lile lile. Kuna mgonjwa hospitalini, bili imefika laki mbili, tafadhali toeni chochote. Kofia inapita. Wewe unatoa mia, jirani yako hamsini. Wiki ijayo ni mgonjwa mwingine. Ni sadaka na Mwenyezi Mungu ataipokea inshallah, lakini tuseme ukweli: kofia haiwezi kuwa bima ya mtaa mzima. Ndiyo maana hii stori ya SHA si ya wanasiasa peke yao. Ni yako.

Tukumbushane kidogo. NHIF ilianza 1966. Oktoba 2023 Rais alitia saini sheria ya kuiondoa, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi yake. Katikati hapo, Julai 2024, Mahakama Kuu ilisema sheria hizo zinakiuka katiba, na moja ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, mpango ukaendelea.

Sasa, wanaounga mkono wana hoja, na tusizitupe kwa sababu tu tuna hasira na serikali. Zamani aliyepata mshahara wa 20,000 alikatwa 750. Sasa ni asilimia 2.75, yaani 550. Anayepata 100,000 alikuwa analipa 1,700, sasa ni 2,750. Mwenye nacho anambeba asiye nacho. Sisi watu wa zaka hatuwezi kusema wazo hilo ni geni kwetu. Pia, ukishajisajili, zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 vinafaa kukutibu bila wewe kutoa mchango wowote. Na kuna mfuko wa tatu wa dharura na magonjwa sugu, wa kukushika pale bima ya kawaida inapoisha.

Kwa karatasi, ni mpango mzuri. Shida ni huku chini.

Mwenye mshahara anakatwa kidogo kidogo kila mwezi. Wewe wa boda, wewe unayeuza mitumba pale steji, unaambiwa ulipe mwaka mzima kwa mpigo. Kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 mara moja. Na si wote wanapewa hicho cha chini. Unaulizwa nyumba yako ina paa gani, choo gani, unapikia nini, kisha kompyuta inakisia kipato chako. Hapa 45 wengi tunapanga kwa maghorofa. Choo kiko ndani, ukuta ni wa mawe. Fomu inaona jengo la landilodi, haioni kwamba hujui kesho utakula nini.

Serikali ikaleta mkopo, Lipa SHA Pole Pole. Ndugu yangu, kabla ya kubonyeza, uliza swali moja: kuna riba ndani? Ukishajibiwa, muulize sheikh wako. Na tuulize kama jamii: Takaful Insurance of Africa imekuwa Kenya tangu 2011. Bima inayofuata misingi yetu inawezekana. Kwa nini mpango wa lazima usiwe na njia ya kulipa kwa awamu isiyo na riba? Huo si upendeleo. Ni haki ya raia anayelipa.

Halafu kuna pesa zenyewe. Machi 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alionyesha kwamba mfumo wa kompyuta wa zaidi ya shilingi bilioni 104 si mali ya serikali. Na bima bila daktari ni nini? Mei 2025 madaktari wa kaunti yetu ya Kiambu waligoma, na mgomo ukaendelea hadi Oktoba. Miezi hiyo yote mtu alikuwa na SHA yake na bado anarudishwa nyumbani.

Kuna mama mmoja wa hapa mtaani niliyemsindikiza akiwa na uchungu wa kujifungua. Amesajiliwa, amelipa. Tukaambiwa mfumo umelala, tuweke elfu tano kwanza. Usiku wa manane tukapigia watu simu. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillah, lakini ile kofia tulidhani imestaafu ilipita tena.

Jambo la mwisho linatuuma sisi hasa. Kujisajili kunataka kitambulisho. Februari 2025 Rais alitangaza mwisho wa ule msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Lakini bado kuna vijana wetu wanaoambiwa walete karatasi za babu kwa sababu ya jina tu. Kijana asiye na kitambulisho hana kazi, na sasa hana hata matibabu.

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu. Jisajili. Ni bure, piga *147#, na uanze na mama yako. Ukikataa kujisajili kwa hasira, hauikomoi serikali, unamkomoa mzee wako mwenye sukari. Lakini usinyamaze. Oktoba 2025 serikali ilisema itawalipia wasiojiweza milioni 2.2. Muulize chifu na mwakilishi wa wadi: wa Githurai ni wangapi, na nani aliandika hiyo orodha? Ukirudishwa hospitalini, andika tarehe, saa na sababu uliyopewa, utuletee. Ukinyimwa kitambulisho, hivyo hivyo. Malalamiko ya mtu mmoja ni stori ya kibandani. Malalamiko 50 yaliyoandikwa vizuri ni kesi.

Ijumaa hii kofia ikipita, toa kama kawaida. Halafu kabla hujatoka, muulize aliye kando yako: umejisajili?

Wabillahi tawfiq.